Mgeni Aliyetaka Nihesabu Watoto

Mchungaji aliniomba mbele ya watu, baada ya ibada, wakati wanawake wanagawa chai, ili nisipate njia ya kukataa.

"Papa, huyu ndugu ametoka kaskazini kwa treni. Stockholm haijui. Weye ndiye mwenye miguu. Kesho umtembeze mji wa zamani kidogo kabla hajarudi."

Kweli miguu nilikuwa nayo. Miaka ile nilikuwa nasafisha ofisi karibu na Gamla Stan, yaani huo mji wa zamani, kisiwa kidogo katikati ya jiji. Nikimaliza kazi asubuhi nilikuwa napita kwenye vichochoro vyake kabla ya kupanda treni ya chini kurudi Rinkeby. Kanisani kwetu, Wakongo na Warundi wengi na Wanyarwanda wachache, kila aliyepata mgeni alinisukumia mimi.

Lakini huyu sikumpenda tangu mwanzo. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu ibada nzima, na nilipogeuka kumpa mkono aliushika mno, huku akinitazama uso kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti zuri. Alisema anatoka upande wetu wa Uvira, kando ya Tanganyika, ila alikulia Kalemie. Kila mtu aweza kusema hivyo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Aliacha kukoroga ugali.

"Chunga ulimi," alisema. "Tumebakiza kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa msichana. Mdogo wangu aliuawa barabarani siku tulipokimbia, na mke wake tukaambiwa amezama ziwani pamoja na mtumbwi wote. Aliyebaki mkononi mwangu ni binti yao, mdogo kuliko wanangu wawili wa kiume. Alipougua Bujumbura, sisi tukapata njia ya kuondoka na yeye hakuweza kusafiri. Nikamwacha kwa bibi mmoja wa kanisa, mjane mwenye moyo, nikiapa kwamba nitamtuma mtu. Nilipofika Sweden nikaulizwa kuhusu watoto, nikasema ninao wavulana wawili na msichana mmoja. Sikuona uongo. Kwetu mtoto wa ndugu yako si wa ndugu yako, ni wako. Sikuulizwa nani alimzaa, wala mimi sikusema.

Halafu maneno yakaanza kuzunguka Rinkeby, kwenye duka la unga wa muhogo na kwa vinyozi, kwamba siku hizi wanapima damu kuhakikisha mtoto ni wako. Kwamba kuna wenzetu wanaopeleka habari ofisi ya uhamiaji. Fulani alikataliwa kumleta mke, na kabla ya hapo mtu alikuja kumtembelea na maswali mengi. Sikujua kama ni kweli. Niliamini yote. Ombi la kumleta msichana lilikuwa mezani kwa mtu nisiyemjua, na kila nilipompigia simu nilimfundisha: akikuuliza yeyote, useme baba yako ni mimi, mama alikufa, ndugu mwingine huna. Alikuwa mwepesi wa kushika. Alikuwa na miaka kumi na kitu, na alikuwa akinirudishia somo hilo bila kukosea.

Nilimkuta mgeni kesho yake kwenye kituo cha Rinkeby, amefika kabla yangu. Ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, theluji imeyeyuka, changarawe walizomwaga majira ya baridi bado ziko barabarani zinakwaruza chini ya viatu. Shingoni alining'iniza kamera ndogo ya rangi ya fedha.

Ndani ya treni hatukuzungumza hadi tulipopita vituo kadhaa. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza saa:

"Papa, weye una watoto wangapi?"

Kwetu watoto hawahesabiwi. Mtu akitaka kujua anasema, "Watoto hawajambo?" nawe unajibu, "Wapo, Mungu anasaidia," basi, habari imekwisha. Anayetaka idadi ni mchawi au ni mtu wa serikali. Huyu hakuonekana mchawi.

"Wapo," nilisema.

"Wangapi?"

"Wapo wa kutosha."

Alicheka kidogo, akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na giza la mwamba tu.

Tulishuka katikati ya jiji, tukafuata barabara ya maduka hadi kwenye daraja la mawe karibu na bunge. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu chini yetu, meusi, na wazee wawili walikuwa wanavua samaki pale pale mjini. Wageni wote husimama hapo kushangaa watu wanaovua mbele ya bunge na maji hayanuki. Yeye aliinua kamera, nami nikaona kioo chake hakikuelekea wavuvi. Kilinielekea mimi. Nikavuta kofia.

"Papa, simama hapo kidogo. Toa kofia."

"Kuna baridi."

"Mara moja tu."

"Piga picha ya bunge," nilisema. "Mimi utaniona kanisani."

Tuliingia kwenye barabara ndefu ya Gamla Stan, yenye maduka ya kofia za pembe na farasi wa mbao wekundu. Nilianza kumweleza kama ninavyowaeleza wote: nyumba hii ina umri gani, kwa nini kuta zimefungwa kwa vyuma, namna gani watu walikuwa wanamwaga uchafu dirishani. Alikuwa anaitikia "eeh, eeh," na kila nilipopumua alipachika swali. Uvira tulikaa mtaa gani? Upande wa soko au upande wa ziwa? Kanisa letu lilikuwa lipi? Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi gani?

"Nani amekuambia nilikuwa na mdogo?"

"Nimeuliza tu. Kila mtu ana mdogo."

"Mimi ni wa mwisho kuzaliwa," nilimwambia. Mama yangu anisamehe huko aliko, alizaa wengine watatu baada yangu.

Karibu na mwisho wa barabara ile kuna kichochoro chembamba kuliko vyote mjini. Ni ngazi zinazopanda kati ya kuta mbili, na mtu mnene akikutana na mnene mwenzake mmoja lazima arudi. Wageni hupenda kunyoosha mikono waguse kuta zote mbili. Nikamwonyesha kwa mkono apite mbele.

"Hapana, papa. Weye mkubwa, tangulia."

"Mgeni hutangulia."

"Mzee hutangulia."

Tukasimama pale kama mabeberu wawili darajani, hadi Wazungu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mwishowe nilitangulia, kwa aibu. Nilipanda nikiwa nasikia changarawe za viatu vyake mgongoni, na pumzi yake, na kilio kidogo cha kamera, *tik*. Alikuwa amenipiga mgongo.

"Unataka mgongo wangu wa nini?" niligeuka.

"Ukumbusho."

"Mgongo?"

"Uso unauficha, papa. Nifanye nini?"

Tulitokea juu, tukaenda hadi kwenye uwanja mkuu wenye nyumba nyembamba nyekundu na njano. Nilimhadithia habari ya mfalme wa zamani aliyewaalika wakubwa wa nchi kwenye karamu, akawasamehe mbele ya watu, kisha akawafungia mlango na kuwakata vichwa hapo hapo uwanjani. Nilimhadithia kwa makusudi nikimtazama.

"Walikula kwanza?" aliuliza.

"Walikula siku kadhaa."

"Afadhali. Wa kwetu hawakutuachia hata tuondoe sufuria jikoni."

Niliamua kutocheka, nikacheka. Hilo lilinikasirisha zaidi. Mtu mjanja huanza kwa kukuchekesha.

Nilitaka kumalizana naye upesi. Kilichobaki kilikuwa jumba la mfalme, na kando yake, nyuma ya kanisa la Wafini, ua mdogo wenye sanamu ninayoipenda kuliko majumba yote. Ni mvulana wa chuma, mdogo kama kiganja, amekaa kitako amekumbatia magoti yake na kutazama juu. Watu humwachia senti, na wakati wa baridi kuna mtu humfumia kofia na skafu. Siku ile alikuwa bado na kofia ya sufu ya bluu. Nilimwonyesha mgeni, nikamwambia watu humpapasa kichwa ili wapate bahati ya kurudi.

Aliinama. Hakuchukua kamera. Alimpapasa yule mtoto wa chuma kichwani, taratibu, kama anaogopa kumwamsha, na bila kuinua macho akasema:

"Na yule msichana, papa? Wanasema kuna msichana ulimwacha Bujumbura."

Basi. Hapo ndipo tulipokuwa tunakwenda tangu kituoni. Niliona kila kitu kwa mara moja: kamera, maswali, namba ya watoto. Niliona mtu ofisini akifunga jalada. Ningeweza kusema, "Ni binti yangu, namngoja." Ningeweza kunyamaza. Lakini niliwaza kwamba wakimtafuta watampata, na wakimpata watampima, na asiyekuwepo hapimwi. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

"Alikufa," nilisema.

Mkono wake ulibaki kwenye kofia ya bluu.

"Alikufa na nini?"

"Homa."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Tulimzikia kule kule."

Alinyanyuka. Alinitazama tena kwa yale macho ya sokoni, nami siku hiyo kwa mara ya kwanza sikuvuta kofia. Nilimtazama vizuri usoni na uongo wangu umekaa sawa. Akasema ahsante. Akasema anahitaji kupiga simu. Akatoka nje ya ua akaelekea kwenye mteremko ulio mbele ya jumba la mfalme, maji yanaonekana chini, nami nikamfuata kwa mbali, nikijiambia: sasa nitasikia anampigia nani.

Alizungumza kilugha cha kwetu. Si Kiswahili tulichokuwa tunakizungumza tangu asubuhi, wala Kiswidi cha ofisi. Kilugha, kile cha milimani, ambacho sikuwa nimekisikia kwa mtu nisiyemjua tangu tulipoikimbia nchi. Alisema: dada, nimempata. Ndiye. Sikiliza, dada. Uko na mtu hapo? Mwambie akae karibu nawe. Kisha akasema neno letu la msiba, lile ambalo halisemwi mpaka umeona kaburi.

Sauti iliyotoka kwenye ile simu ndogo niliisikia nilipokuwa nimesimama. Haikuwa kubwa, ilikuwa nyembamba kama ya mdudu, lakini hakuna anayekosea kilio kile. Mlinzi wa mfalme, amesimama na bunduki yake hatua chache kutoka kwetu, hakugeuza hata jicho.

Nilimfikia nikamshika bega.

"Unaongea na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake alizama ziwani."

"Nani alimwona amezama?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Alitokea upande wa Kigoma. Yuko kambini miaka yote hii. Mimi ni kaka yake. Mahari yake mlipoleta nilikuwa Kalemie, hamkuniona. Nimesikia habari zako kwa Mrundi mmoja huko kaskazini, nikaja nikutazame kama ndiye. Nilitaka picha ili dada akutambue."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niseme nini? Nilijua utamficha. Upande wa baba hawamwachii mtoto wa kike. Mimi ni mjomba, nilitaka nijue kwanza yuko wapi." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikuwa nafikiri unamficha. Ungemficha tu, papa. Ungemficha."

Mtu akiniuliza habari za mwaka ule, sikumbuki lingine. Ulikuwa ni mteremko ule na neno lile.

"Yupo," nilisema.

Hakunielewa.

"Mtoto yupo. Ni mzima. Nimekudanganya. Mwambie dada yako asilie, mwambie yupo."

Akanitazama kwa chuki ambayo naikumbuka hadi leo, na ilikuwa haki yake. Akasema kwenye simu maneno machache, na simu ikakatika, salio limekwisha.

"Ulisema weye wa mwisho kuzaliwa," aliniambia. "Ulisema watoto wa kutosha. Ulisema homa. Sasa unasema mzima. Nichukue lipi?"

"Twende nikupigie Bujumbura. Utamsikia mwenyewe."

Tulirudi kupitia mji ule ule kuelekea kituo cha treni, kwenye kibanda kinachouza kadi za simu. Njia nzima alinishika mkono wa koti, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mwizi, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anatazama kila kona nisimtoroke. Watalii walitupisha. Mama mmoja wa Kiswidi alituuliza kama tunahitaji msaada, nikamwambia hapana, ni ndugu yangu. Ilikuwa kauli ya kwanza ya kweli niliyoitoa siku ile, nami niliitoa kwa Kiswidi.

Bibi wa Bujumbura alipokea, nikamwomba amwite msichana, nikampa mgeni simu. Aliiweka sikioni kwa mikono miwili. Nilisikia sauti ya mtoto, "Allo? Allo? Baba, ni weye?"

"Ni mjomba wako," alisema. "Kaka wa mama yako."

Kisha yule mtoto, kwa sauti safi ya darasani, bila kukosea hata neno:

"Sina mjomba. Baba yangu yuko Suède. Mama alikufa. Ndugu mwingine sina."

Mgeni alitoa simu sikioni akaitazama. Sikuweza kumtazama yeye. Nilinyoosha mkono, akanipa.

"Mwanangu," nilisema, "ni mimi. Huyu unaweza kumwambia kweli."

"Kweli ipi, baba?" aliuliza, na alikuwa anauliza hasa, kwa sababu mimi nilikuwa nimempa moja tu.

Nikamwambia. Pale kwenye kibanda, watu wanapita na mikoba yao, nikamwambia mama yake hakuzama. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni jaribio, kama ni watu wa ofisi wananisikiliza na anatakiwa ajibu nini. Ilinichukua muda mrefu kumtoa kwenye somo nililomtia mwenyewe, na kadi iliisha kabla sijamaliza. Mjomba alinunua nyingine.

Mama yake naye hakusadiki hadi alipomsikia mtoto kwa masikio yake, siku ya tatu, kwa simu ya mtu wa kambini. Siku zile mbili katikati alikaa chini kama mfiwa, na wanawake waliomzunguka hawakuthubutu kuinuka, kwa sababu wengine walisema aliyeliliwa hawezi kurudishwa kwa simu. Hilo nililetewa na shemeji yangu, maana ndivyo nilivyoanza kumwita. Yeye hakuacha kuniita papa, kama anavyoitwa mtu yeyote.

Mke wangu nilipomweleza aliketi kitandani. "Nilikuambia uchunge ulimi," alisema. "Sikukuambia uue."

Nilikwenda ofisini na mkalimani nikaondoa ombi, nikasema msichana ana mama. Aliyenipokea aliandika, akaniuliza kama nina la kuongeza. Sikuwa nalo. Msichana alivuka ziwa akaenda kwa mama yake kambini, na hadi leo hajakanyaga Sweden. Ningemleta, huenda. Wapo walioleta kwa njia ile ile. Au mama yake angebaki anamtafuta. Nimegeuza jambo hili kila upande, na upande wenye kunisafisha sijauona.

Shemeji alinitumia zile picha, zimesafishwa kwenye karatasi nzuri. Bunge halimo, jumba la mfalme halimo. Nimo mimi: kofia, bega, mgongo ukipanda ngazi.

Na msichana, miaka mingi baadaye, ameshaolewa, ana watoto ambao siwahesabu, alinipigia siku moja kunisalimu. Bado ananiita baba. Tulizungumza habari za mvua na bei ya unga, kisha akasema:

"Baba, nimeambiwa kule uliwahi kusema nimekufa. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nilikufa na nini?"

"Homa," nilisema.

Nilisikia kuku nyuma yake na mtoto akililia kitu.

"Homa tu?" aliuliza. "Ungenitafutia hata kitu kikubwa."

Alicheka, nami nikajaribu kucheka naye. Kisha akasema subiri, mama yupo hapa, nimpe? Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono, na sauti ya mwanamke kwa mbali ikisema mikono yake ina unga, amsalimie tu.